Mafuta ya Papa Ndani ya Kabureta

Mnanicheka kijiweni pale Ikwiriri kwa sababu nashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Chekeni tu. Mnadhani mzee Shamte anatetemeka kwa uzee, kumbe nilianza kutetemeka nikiwa sijaota ndevu. Mimi nilikuwa fundi mwoga. Pikipiki inayotembea kila siku haikunipa taabu, hata ije inakohoa na kutoa moshi kama tanuri la mkaa. Lakini nikiletewa pikipiki iliyolala miaka, niliizunguka mara mbili tatu kabla sijagusa spana, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka siku nilipofunga gereji.

Nyie wa siku hizi woga huo hamnao. Kabureta ikigoma mnakwenda dukani, mnarudi na mpya kwenye boksi, mnafunga, mnaondoka mnapiga honi. Enzi zetu ya dukani ilikuwa haipo. Uliyonayo ndiyo hiyohiyo, ukiipasua umempasulia mtu miguu yake. Kwa hiyo tulijifunza kubembeleza chuma.

Nataka muelewe ninachokiogopa, maana wengi wenu mnafunga kabureta bila kujua tumboni mwake mna nini. Mna kipande kinachopanda na kushuka, sisi tunakiita pistoni ya kabureta. Ukivuta resi, waya unakipandisha, hewa na petroli vinaingia kwa wingi. Ukiachia, springi inakirudisha chini na injini inatulia. Kikikwama chini, basi, utasukuma pikipiki na jasho litakutoka. Kikikwama juu, pikipiki haina tena habari na wewe. Inakwenda inakotaka, na wewe uko mgongoni.

Aliyenifundisha kazi, marehemu Fundi Matimbwa, alibebwa hivyo mbele ya macho yangu. Alikuwa anaijaribu pikipiki ya mnunuzi wa ufuta, ile pistoni ikakwama juu, naye akapita katikati ya soko anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni, nakufa!" Watu wakadhani anajionyesha. Akaishia kwenye lundo la magunia ya ufuta, mfupa wa bega ukavunjika, na kwa siku nyingi baadaye mkewe alikuwa akimtoa ufuta masikioni. Tulicheka, sikatai, lakini tulicheka baada ya kumwona anapumua. Alipopona aliniambia neno moja tu: kabla hujaiwasha, ujue utaizimaje. Sikuwahi kulisahau, ingawa siku niliyolihitaji kuliko zote lilinichelewea kidogo.

Siku hiyo ilinikuta kijijini Mtunda, nami nilikuwa nimekwisha kustaafu. Spana zangu zilikuwa ndani ya kiroba chini ya kitanda. Akaja mwanamke mmoja, Somoe, mke wa Omari, akapiga magoti kunisalimu na kusema mama mkwe wake ananiita. "Mama kasema uje uifungue pikipiki ya Omari. Kasema akirudi asiikute imekufa."

Niliposikia jina la Omari nilitamani nimwambie naumwa. Kile kipindi cha mashaka kilichopita huku kwetu mnakikumbuka, au mlikuwa wadogo. Sitakisimulia. Waliokuwepo wanakijua, na mimi hata leo nikikitaja nashusha sauti bila kutaka. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku, na mlio wa pikipiki gizani ulimfanya mtu azime koroboi na kuwaziba watoto midomo. Ndani ya kipindi hicho Omari alitoka kwake jioni kwa miguu, pikipiki akaiacha barazani, akamwambia mama yake anakwenda kumwona mtu na anarudi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna maiti, na nani alimchukua hatujui mpaka leo.

Mama yake, Bibi Mwanamvua, alikataa mwanawe asomewe hitima ya marehemu. Alisema mwanangu kaniambia anarudi, nani kati yenu kamsikia akisema haji? Mashehe walifika, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka. Kwa hiyo Somoe akabaki vilevile miaka yote, si mke si mjane. Eda hakukaa, matanga hakulia, kuolewa hakuolewi. Alikuwa bado binti alipoanza kungoja, na alipokuja kwangu siku ile niliona mvi chini ya mtandio wake.

Nilikwenda. Mtu anaitwa na bibi wa umri ule, anakwenda.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Omari, ile ya zamani ya kuchanganya petroli na oili, tangi la chuma kizito, taa ya mbele ya duara. Ilikuwa ukumbini, imefunikwa mkeka. Nilipoufunua mkeka nilirudi nyuma. Ilikuwa inanuka papa aliyeoza, na mwili mzima ilikuwa na ganda la rangi ya asali iliyoungua.

"Hii nini, bibi?"

"Sifa," akasema Bibi Mwanamvua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdogo, mkavu, macho yana ukungu lakini yananitazama. "Kila kiangazi naipaka. Wee hujui sifa?"

Naijua. Ndiyo hayo mafuta ya papa yanayopakwa mitumbwi na mashua ili maji ya chumvi yasile mbao. Bibi Mwanamvua ni wa Mbuchi, kazaliwa kwenye mikoko, na baba yake alikuwa mchonga mitumbwi. Kuolewa kulimleta Mtunda kwenye mashamba, lakini kwake yeye chombo kinacholala hupakwa sifa, iwe mtumbwi au pikipiki. Na kwa kuwa kabureta ina mdomo, yeye aliuona mdomo akaunywesha.

Mafuta yale yakikauka hayawi mafuta tena, yanakuwa gundi. Nilivuta resi kwa mkono, haikusogea hata unywele. Nikachungulia mdomoni mwa kabureta na tochi, nikaiona ile pistoni imezama kwenye utomvu mweusi. Nikaomba niipakie kwenye pikapu niende nayo kwangu, mbali na nyumba ile.

"Haitoki hapa mpaka aje mwenyewe," akasema.

"Basi nichukue kabureta peke yake."

"Hata skrubu moja haitoki."

Niliisukuma mpaka uani, nyuma ya jiko, naye akasogeza kigoda akakaa pale pale. Kazi ikaanza. Sikilizeni nilivyofanya, maana hili litawafaa hata kama hamtawahi kukutana na mafuta ya papa. Kwanza nilifunga bomba la petroli na kuitoa iliyobaki kwenye tangi. Ilikuwa imegeuka, inanuka kama rangi ya mlango. Halafu nikaitoa kabureta nzima na kulegeza skrubu za bakuli la chini. Skrubu zile ni laini. Bisibisi isiyokaa sawasawa inazila kichwa, na hapo umejitafutia msiba wa pili. Kila iliyokataa niliiwekea tone la mafuta ya taa, nikaigonga kichwani kidogo na kwenda kwenye nyingine, kisha nikairudia. Mpira wowote ninaouona naung'oa mapema, kwa sababu mafuta ya taa na maji ya moto vinauharibu.

Boya la shaba nililitumbukiza kwenye maji ya moto na kulitazama. Likitoa mapovu lina tundu, litajaa petroli na kuzama. La Omari lilikuwa zima. Jeti, zile njia nyembamba za kupitishia petroli, zilikuwa zimeziba kabisa, na hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu, mnachukua sindano ya kushonea na kuchokoa. Sindano ni chuma, jeti ni shaba, tundu linapanuka na pikipiki haitulii tena maisha. Mimi natumia uzi mmoja wa waya wa umeme, ule mwembamba wa ndani, baada ya kuziloweka mpaka uchafu umelegea.

Ilibaki pistoni. Hiyo haivutwi na koleo. Unaiweka kabureta kwenye sufuria ya maji na sabuni ya kufulia, unaichemsha taratibu. Joto linalitanua lile umbo la nje kuliko kilichomo ndani, na gundi inalainika. Unaitoa kwa kitambaa, unaigonga kwa kijiti cha mti kwa chini, taratibu, unairudisha jikoni. Mimi hutumia kijiti cha mkoko kwa kuwa ni mgumu lakini haukwaruzi. Nyundo ya chuma usiisogeze. Umbo la kabureta kongwe linapasuka kama chungu.

Niliingia jikoni kuchukua maji ya moto, Somoe akanifuata na kusimama mlangoni asionekane kutoka uani.

"Baba, nakuomba kitu," akanong'ona. "Mwambie mama imeshindikana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Juzijuzi ilipita pikipiki yenye mlio kama wa hii. Akatoka mpaka barabarani hana kiatu, akakaa juani, hali, hanywi, mpaka majirani wakambeba. Daktari kasema moyo wake mbovu. Sasa ikiwaka hii yenyewe na mtu haji, atakufa, baba. Mie sina mwingine."

"Na wewe? Utakaa hivi mpaka lini?"

"Mie nshazoea," akasema, na kutazama chini.

Nilirudi uani na sufuria mkononi, na woga wangu ukawa si wa pistoni tena. Niliogopa kumwua yule bibi. Naona mnataka kuniambia ningeacha tu. Kuacha kulikuwa rahisi mno. Nyundo ilikuwa karibu na goti langu, pigo moja dogo, kabureta inapasuka, nasema pole bibi, chuma kimekwisha, na nyumba inabaki kama nilivyoikuta. Nilishika nyundo, kweli nilishika. Lakini nilipomtazama Somoe anaanua nguo kwenye kamba, na mvi zile, nikaiweka chini. Nikajiambia nitailegeza, halafu nitasingizia kifaa fulani hakipo, niondoke zangu na dhambi ndogo. Mwoga hutafuta njia ya kati.

Nikaendelea kuchemsha na kugonga. Bibi aliuliza jina la kila kitu, nami nikamjibu. Jua lilikuwa limepita utosini nilipogonga mara nyingine tena, na pistoni ikaachia, ikatelezea kwenye kiganja changu. Niliisafisha, nikasafisha na tundu inamokaa, nikairudisha pamoja na springi, nikaipandisha kwa kidole na kuiachia. Ikashuka na kugonga chini, tak.

"Hiyo imeachia," akasema Bibi Mwanamvua. "Nimeisikia. Iwashe."

Nikaanza uongo wangu. Nilisema plagi mbovu, akasema plagi nyingine iko kwenye kopo, Omari aliiweka. Nilisema petroli hakuna, akamwambia Somoe alete chupa iliyonunuliwa asubuhi. Yule bibi alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Somoe alinipa chupa ile.

Nilifunga kila kitu, nikachanganya petroli na oili, nikapiga kiki. Haikujibu. Nikapiga tena na tena, huku moyoni naomba igome, jambo ambalo fundi hapaswi kuliomba. Halafu ikakohoa. Moshi mzito ukatoka kwenye ekzosi, unanuka papa wa kuungua, na injini ikashika.

Niliusikia ule mlio. Kila mtu pale kijijini alikuwa anaujua, mlio wa Omari, ule wa kugongagonga halafu unapanda. Na kabla sijafikiri lolote nikasikia kitu kingine: milango. Nyumba ya jirani, ya pili yake, ya ng'ambo ya njia, milango inafungwa, komeo zinaingia. Mchana kweupe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga aliacha mchi ndani ya kinu na kumkokota mtoto ndani. Sikuwashangaa. Hata mimi ningekuwa kwangu ningefunga.

Nikavuta resi kidogo ili isizime. Nikaachia. Haikushuka.

Waya! Nilikuwa nimesafisha kabureta kama macho yangu, lakini waya wa resi nao ulikuwa umenyweshwa sifa, na mafuta yalikuwa yamekauka ndani ya ganda lake. Niliupaka oili juu juu nikaridhika. Sasa ulivuta na haukurudi. Injini ikapanda, ikapanda, pikipiki inarukaruka pale ilipo, kuku wanakimbia. Nikabonyeza swichi ya kuzimia, swichi imekufa siku nyingi. Nikakumbuka neno la Fundi Matimbwa na nikamlaani kwa kuwa kwake sahihi. Nikaufikia waya wa plagi, ukanipiga shoti mpaka begani. Mwishowe nilivua kofia yangu ya kufumwa kichwani, nikaikunja na kuisukuma kwenye mdomo wa kabureta, nikaishikilia kwa kiganja. Iliinyonya kofia ile kama inataka kuimeza. Ikakohoa, ikazima.

Masikio yalikuwa yananilia. Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu.

Nilidhani ameanguka. Nilizunguka jiko mbio, nikamkuta anatoka kisimani amebeba ndoo ya maji, ndoo ndogo, mikono miwili, maji yanamwagikia kanga yake. Somoe alikuwa nyuma yake anamfuata bila kuthubutu kumgusa. Bibi aliipeleka ndoo mpaka kwenye mlango wa bafu la makuti na kuiweka chini. Mtu akirudi kutoka safari huwekewa maji ya kuoga, hata mimi mama yangu alikuwa akiniwekea. Halafu akakaa kwenye mkeka, ameelekea njiani.

Sikuweza kuondoka. Nilikaa chini kwenye vumbi na kofia yangu iliyolowa petroli, Somoe akakaa kizingitini. Nilikuwa nayatazama mabega ya yule bibi kuona kama bado anapumua. Woga niliouonja kazini maisha yangu yote ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya ule wa kukaa vile. Njiani hakupita mtu. Watu walikuwa ndani.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, akaniita bila kugeuka.

"Fundi."

"Naam, bibi."

"Ule mlio umefika wapi?"

"Umefika mbali, bibi. Wa barabarani pia wameusikia."

"Nami naona hivyo. Mie nilikuwa nauogopa. Mtoto wa mchonga mitumbwi mie, sifa ikikauka inashika nini najua. Niliimimina mdomoni makusudi, isije ikawaka nikaona kweli haji. Lakini nazeeka, na huyu mtoto wa watu nimemfunga."

Somoe alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Omari ule mlio anaujua," akasema bibi. "Kama yuko mahali unapofika, angekuja. Kama yuko mahali usipofika, basi tumsomee."

Akainuka, mimi nikataka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Akaenda mlangoni mwa bafu, akaiinamisha ile ndoo, akayamwaga maji yote chini. Yalienea kwenye mchanga na kukauka tunayatazama.

"Somoe."

"Abee, mama."

"Ingia ndani, mwanangu. Ukae eda."

Somoe hakufika chumbani. Alipofika ukumbini alilia, kilio cha msiba kabisa, cha sauti, kile alichokibana miaka yote, na bibi akamshika na kulia naye. Nilisimama pale uani sijui niweke wapi mikono yangu. Ndipo nikasikia komeo zinatolewa. Mlango wa jirani, wa pili yake, wa ng'ambo ya njia. Wanawake wakatoka wakijifunga kanga, mmoja kabeba mkeka, mwingine sufuria, wanaume nyuma yao, wote wanakuja kwa Omari.